Stima inapotea wapi? Sheria mbili ambazo bunge haliwezi kuzibadilisha

Wakuu, wengi mmeniomba niweke hapa maneno niliyosema Alhamisi kwenye kikao cha wanafunzi wa sayansi ya siasa. Nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni. Na kama kawaida ya uzi huu, hatutaji mwanasiasa wala chama.

Kila kampeni lazima mtu aahidi kumaliza upotevu wa stima kabisa. Mpinzani wake anajibu ati upotevu wote ni wizi. Wote wawili wanachanganya hasara za aina mbili: ile ya maumbile na ile ya watu.

Sheria ya kwanza ya themodinamiki inasema nishati haiumbwi wala haiangamizwi, inabadilika umbo tu. Ya pili ndiyo chungu: kila ukiibadilisha, sehemu yake inageuka joto lililotawanyika ambalo huwezi kulifanyisha kazi tena. Chai ikipoa, joto halijaisha, liko hapo chumbani. Sasa jaribu kulirudisha kwenye kikombe!

Hapa Kenya zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaoingia kwenye gridi haufiki kwenye bili ya mtu. Sehemu moja ni waya kupata moto. Nyingine ni watu kujiunganishia na mita zisizosoma vizuri. Mdhibiti huruhusu kiasi fulani kiingie kwenye bei, kwa hivyo wewe unayenunua tokeni unalipia. Joto la waya linapunguzwa kwa volti kubwa: ukiongeza volti mara mbili, hasara kwenye waya uleule inashuka hadi robo. Lakini haifiki sufuri, hata ukishinda kwa kura zote. Wizi nao ni kazi ya mita na polisi, na wezi wengine ni wapiga kura. Ndiyo maana ni rahisi kutaja asilimia moja kubwa bila kuigawa.

Twende Lamu, kwa ule mpango wa kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050. Kituo cha kawaida cha aina hiyo hugeuza kama theluthi moja tu ya joto kuwa umeme. Si uzembe wa wahandisi. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba mtambo wa joto una kikomo kinachowekwa na tofauti ya joto kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Zile theluthi mbili lazima ziende mahali. Wavuvi waliohofia maji ya moto kurudishwa baharini hawakuwa wanapinga maendeleo, walikuwa wameona kile ambacho mijadala ya TV iliruka. Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mtu ataniuliza, mbona Olkaria? Kweli, mvuke wa ardhini hauna moto kama tanuri, na sehemu inayogeuka umeme ni ndogo hata kuliko ya makaa ya mawe. Lakini pale hatuchomi kitu. Joto linalotoka mitamboni silo hasa linalobadilisha hali ya hewa. Kinachoumiza ni kaboni dioksidi, inayozuia joto la dunia lisitoke kwenda angani, kama blanketi.

Sasa ile sifa tunayopenda kujipiga nayo kifua: karibu asilimia 90 ya stima yetu ni ya kijani. Ni kweli, lakini stima ni sehemu ndogo ya nishati tunayotumia. Kubwa ni kuni na makaa. Kwenye tanuri la udongo, kilo 10 za kuni hutoa kilo moja au mbili za makaa. Kwenye mafiga matatu, kama asilimia 10 hadi 15 tu ya joto ndiyo inaingia kwenye sufuria, na mama anavuta moshi wa iliyobaki. Hii hasara nyingi inaepukika, maana jiko lenye kauri tumelijua tangu miaka ya 80. Ukataji miti kwenye misitu ya umma ulipopigwa marufuku Februari 2018, bei ya gunia ilipanda, na githeri bado ilihitaji joto lilelile.

Mjadala ujao ukifika kwa nishati, ningependa mtu mmoja aulizwe mpango wake wa jikoni, na bajeti yake. Maswali wekeni hapa chini, nitajibu usiku nikitoka darasani.