MTIHANI WA KIDATO CHA NNE: KIKUNDI KITAFANYA NINI?

Leo hatukuja kuongea juu ya kuku wala ng'ombe. Tumekuja kwa ajili ya vijana wetu wa kidato cha nne, hasa wale wa shule za kutwa. Mtihani wao, KCSE, ndio mlango wa chuo. Kusomea digrii chuo kikuu kunahitaji angalau C+ kwa jumla, na kila kozi huangalia tena masomo manne yake. Anayetaka kuwa injinia hawezi kukimbia Hesabu na Fizikia. Aliye chini ya C+ hajapotea, vyuo vya ufundi vipo.

Sasa, wengi mnatuambia, "Sisi hatukusoma, tutawasaidia nini?" Hebu tuchukue karatasi moja ya Hesabu. Ina alama 100 na muda wa saa mbili na nusu, yaani dakika 150. Sehemu ya kwanza ina maswali 16, yote ya lazima, alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8, na mtoto anachagua 5 tu, kila moja alama 10. Pigeni hesabu wenyewe: alama moja ina dakika moja na nusu. Swali la alama 3 lisile zaidi ya dakika tano. Lakini tumeona vijana wenye akili wakikaa robo saa kwa swali moja dogo, na sehemu ya pili wanaigusa tu.

Dawa yake ni karatasi ya mwaka uliopita, meza, taa na mtu mwenye saa. Huyo mwenye saa si lazima ajue Hesabu! Mama anayejua saa tu anaweza kukaa pale akisuka kiondo chake, na muda ukiisha aseme, "Weka kalamu chini." Kesho yake karatasi iende kwa mwalimu isahihishwe. Yale aliyokosa ayaandike kwenye daftari, ayarudie baada ya wiki. Kusoma tu bila kurudia makosa ni kupoteza mafuta ya taa.

Tuseme na ukweli wa nyumbani. Msichana anatoka shule saa kumi na moja, anachota maji, anapika, anaosha wadogo, na saa tatu usiku ndipo anafungua kitabu akisinzia. Kaka yake amesoma tangu jioni. Halafu Januari tunamuuliza mbona alama ni chache! Kikundi cha watu 20 hakishindwi kupanga zamu ya maji kwa nyumba zenye watahiniwa, kuanzia likizo ya Agosti mpaka Novemba. Pesa kidogo ya kikundi itoe kopi za karatasi. Taa moja ya sola inatosha vijana watano kwenye meza moja.

Tena muda wenyewe ni mfupi. Waliofanya KCPE mwaka 2023 ndio wa mwisho wa 8-4-4, na zamu yao ya KCSE ni 2027.

Kabla hatujaachana, kila katibu aandike majina ya watahiniwa wa kijiji chake, na pembeni aandike ni nani ana saa inayotembea.