Mwenye Nyumba ya Wageni

Somo letu ni Luka 10:30-37.

Twamsifu Msamaria, twamsahau mwenye nyumba ya wageni. Huyu alimpokea majeruhi kwanza. Dinari mbili alipewa siku ya pili, na salio kwa ahadi tu.

Mwezi Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari Kangemi, jirani na Kawangware, alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Akafa.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yaitoza hospitali yenye uwezo inayokataa faini hadi shilingi milioni 3.

Basi wewe muuguzi wa Kibera, akiletwa mama anayevuja damu, mpokee. Habari ya pesa ije baadaye. Kazi ikikushinda, zuia damu, kisha umtafutie gari.

Nasi washirika tuliotibiwa, tusikimbie deni. Msamaria aliahidi kurudi kulipa.

Tuombe: Ee Bwana, uliye mlangoni pamoja na mgonjwa, utufundishe kufungua upesi. Amina.