Madaftari yabaki kwao, ila yazungumze



Raia akitaka hati ya kusafiria huombwa cheti cha kuzaliwa. Akitaka kufungua biashara huombwa kitambulisho cha Taifa na namba ya mlipakodi. Kila ofisi ina daftari lake, na siku hizi daftari hilo limo ndani ya kompyuta. Lakini mara nyingi anayebeba habari kutoka daftari moja hadi jingine ni raia mwenyewe, bahasha ya vivuli mkononi, nauli mfukoni. Serikali inamwuliza jambo ambalo Serikali hiyo hiyo inalijua.

Wapo wanaosema dawa ni kumwaga madaftari yote katika kapu moja. Wazo hilo linavutia, lakini kapu likitoboka kila kitu humwagika. Tena mwenye kulishika atajua ugonjwa wako, kiwanja chako na mshahara wako kwa mkupuo.

Iko njia nyingine. Estonia, nchi ya Ulaya yenye watu wapatao milioni 1.3, ilirudishiwa uhuru wake mwaka 1991. Idara zake zilikuwa na kompyuta za aina mbalimbali zisizoelewana. Mwaka 2001 ilianza kutumia mfumo uitwao X-Road. Kila idara ilibaki na daftari lake. Kilichofanyika ni kukubaliana juu ya namna moja ya kuuliza na kujibu, kisha kila idara ikawekewa mlinzi mlangoni, naye ni kompyuta. Mlinzi huyo humtambua anayeuliza, hutazama kama ana kibali, huufunga ujumbe usisomwe njiani, na huandika saa ulipopita. Muulizaji hupewa jibu la alichouliza, si daftari zima. Na raia anaweza kuona, katika madaftari kadhaa, ni nani aliyechungulia habari zake.

Jambo hili si geni kwetu. Tanzania ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019, kampuni za simu hazikukabidhiwa daftari la NIDA. Ziliuliza, daftari likajibu. Lakini tuliuona na mwiba wake: Januari 2020 laini zilianza kuzimwa, na asiye na namba ya kitambulisho akabaki bila simu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Madaftari yakiunganishwa, kosa nalo husafiri. Mtu aliyeandikwa Mohamed huku na Muhammad kule, jana alikataliwa dirisha moja; kesho atakataliwa yote, na kila karani atamwambia kosa si lake.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha, tudai mambo matatu. Kila daftari liwe na mwenyewe anayewajibika. Kila anayechungulia aache alama ambayo raia anaweza kuiona. Na pawepo mahali pamoja pa kusahihisha kosa, bila kuzungushwa. Kenya, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu athari zake kwa taarifa za watu hazikuwa zimepimwa kwanza. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tuitumie mapema, tusingoje mahakama.

Kompyuta haimjui mtu; inajua alivyoandikwa. Basi aandikwe sawasawa kwanza.

Tukutane wiki ijayo.