"Ni Homa Tu": Je, Ni Homa Gani?

 

Mwezi wa sita na wa saba hapa Ruiri mnaujua. Asubuhi kuna baridi, madirisha yamefungwa, watoto wanalala wamebanana, na moshi wa kuni umejaa jikoni. Wakati huo kliniki hujaa watoto wenye makamasi. Ukimuuliza mama mtoto ana nini, hujibu: "Ni homa tu." Lakini neno hilo homa tunalitumia kwa magonjwa mengi: mafua ya kawaida, influenza, malaria, hata nimonia. Leo tuyatenganishe.

Mafua ya kawaida huja polepole. Mtoto hupiga chafya, hutoka makamasi, koo humuwasha na hukohoa kidogo. Mwili haupati joto sana. Bado anacheza na kuitisha chakula. Mara nyingi mafua huisha kwa siku 7 hadi 10.

Influenza hupiga ghafla. Mtoto ameenda shule akiwa mzima. Jioni mwili unachemka, anatetemeka, kichwa na viungo vinamuuma, na hataki kuinuka. Kikohozi chake ni kikavu. Wengine hutapika au kuhara. Joto likishapungua, uchovu na kikohozi vinaweza kubaki wiki 2 au zaidi.

Je, influenza ni za aina ngapi? Zinazotusumbua zaidi ni A na B. Aina C huwa nyepesi, hufanana na mafua. Aina A huwapata pia ndege na nguruwe, na hubadilika mara kwa mara. Homa ya nguruwe ya mwaka 2009 ilikuwa ya aina A. Mgonjwa wa kwanza hapa Kenya alithibitishwa Kisumu mwezi wa Juni mwaka huo. Homa ya ndege pia ni aina A. Kwa hivyo kuku wako wakifa wengi kwa ghafla, usiwachinje wala kuwala. Mwarifu afisa wa mifugo.

Mama, huwezi kutofautisha A na B kwa macho. Hiyo ni kazi ya maabara. Kazi yako ni kuangalia pumzi, kwa sababu mafua na influenza zote zinaweza kuleta nimonia, na nimonia huua watoto.

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo uone kifua. Hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima ukitumia saa au simu. Anapumua haraka mno ikiwa utapata:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Hapo mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nenda mara moja, hata usiku, ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea haamki vizuri. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye joto asingojee nyumbani.

Joto likija bila makamasi wala kikohozi, usiseme ni mafua. Apimwe malaria, hasa kama mmetoka pwani au sehemu za ziwa.

Ikiwa hana dalili hizo, endelea kumnyonyesha, mpe uji na vinywaji mara kwa mara, na safisha pua yake. Asali usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1. Aspirini usimpe mtoto. Zile kapsuli za rangi mbili za dukani huenda zikawa antibiotiki. Antibiotiki haziui virusi vya mafua wala vya influenza. Usinunue bila kuandikiwa.

Mwisho, fungua dirisha unapopika, nawa mikono kwa sabuni, na angalia kijitabu cha kliniki. Chanjo ya kuzuia nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011, hupewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama amekosa hata moja, mlete.

Wakati mwingine ukitaka kusema "ni homa tu", kwanza inua nguo uhesabu.