Kutayarisha Kombi Kuukuu kwa Safari ya Bara

Wasikilizaji, iko motokaa moja ambayo watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wameizoea tangu zamani, nayo ni kombi ya Volkswagen, ile yenye injini nyuma. Kombi hizo zilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950, na za mwisho zilitoka katika kiwanda cha Brazil mwaka 2013. Wakati mmoja zilichukua watalii kwenda Tsavo. Siku hizi mwenye nayo huitia kitanda na jiko, akaipaka rangi mpya, akapakia jamaa zake na kushika njia ya bara. Rangi ni jambo jema, lakini haijapata kusimamisha motokaa mteremkoni.

Watu wengi hudhani ya kwamba motokaa iendayo kila siku kutoka Bamburi hata Kongowea bila kusita itakwenda vilevile hata Nairobi, na kutoka huko hata Kisumu. Tena hutaja mashindano ya Safari, ambayo Volkswagen zilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Ni kweli zilishinda. Lakini zile zilikuwa motokaa changa, nazo zilikaguliwa skrubu kwa skrubu kabla ya kuondoka. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni karibu kilomita 480, na msafiri hupanda kutoka usawa wa bahari hata karibu mita 1,700. Hewa huwa nyembamba kadiri apandavyo, na kwa kila mita 1,000 injini ya kabureta hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Kombi haikuwa na nguvu za kupoteza hata siku ile ilipotoka kiwandani.

Hata hivyo, fundi asianze na injini. Na aanze na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu tele. Mafuta yaliyoingia maji huchemka upesi breki zinapopata moto, na hapo pedeli huzama mpaka sakafuni. Dereva hatalijua jambo hilo akiwa Kisauni. Atalijua kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na lori liko nyuma yake. Basi mafuta yote yamwagwe, yatiwe mapya, na mipira ya breki iliyovimba ibadilishwe, hata kama kwa macho yaonekana mizima.

Breki ya mkono nayo haifai kudharauliwa. Mwezi wa Septemba 2019 motokaa moja ilirudi nyuma ikaanguka baharini kutoka katika feri ya Likoni, na mama na mtoto wake wakafa maji. Hapa si mahali pa kueleza sababu za msiba ule. Lakini kila apandaye feri ajue kwamba chini ya magurudumu yake pana chuma chenye maji na mtelezo. Sasa iko pia barabara ya Dongo Kundu, ambayo humfikisha mtu wa Likoni Miritini bila ya kuvuka feri. Hata huyo atasimama mlimani siku moja.

Adui wa pili ni kutu. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hukaa chini ya sakafu mahali pasipoonekana. Fundi alale chini ya gari na bisibisi, agonge pale jeki inapowekwa, na pale mabomba membamba ya breki yanapopita. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hukaa kimya, au bisibisi huingia. Mafundi wengine hufunika matundu kwa lami na rangi nyeusi. Kazi hiyo ni ya kuuzia gari, si ya kusafiria.

Ndipo injini sasa. Injini ya kombi za zamani haina rejeta. Hupozwa na feni, na mkanda mmoja huzungusha feni na dinamo pamoja. Kwa hiyo taa nyekundu ya dinamo ikiwaka ghafula njiani, dereva asijidanganye kwamba ni habari ya betri tu. Asimame papo hapo atazame mkanda, kwani ukikatika injini huungua kwa dakika chache. Mkanda wa akiba na spana yake viwekwe karibu na mkono, visifukiwe chini ya magodoro. Mipira inayoziba nafasi kuzunguka injini iwe kamili, maana ikikosekana feni huvuta tena hewa ile ile ya moto. Oili ni lita mbili na nusu tu, nayo husaidia kupoza pia. Ipimwe kila asubuhi. Valvu zirekebishwe injini ikiwa baridi kabisa, yaani baada ya kulala usiku kucha.

Liko jambo moja linaloteketeza kombi nyingi kuliko mengine yote, nalo ni mpira wa petroli. Mpira huo hupita juu ya injini yenye moto, hukauka, hupasuka, na petroli hudondoka. Bei yake ni ndogo mno. Mwili wa injini hiyo umeundwa kwa madini ya magnesi, ambayo yakishika moto huwaka vikali, na kumwagiwa maji huyazidishia. Kizimamoto cha unga kiwe karibu na kiti cha dereva.

Tairi zitazamwe tarehe, kwani ubavuni mna tarakimu nne za juma na mwaka wa kuundwa. Tairi la miaka kumi lenye meno mazuri bado ni tairi bovu. Na kwa wanaokusudia kulala ndani: jiko la makaa lisiingizwe garini usiku hata kama Naivasha kuna baridi. Sumu yake haina harufu, na aliyelala haamki.

Kazi hizi zimalizwe majuma mawili kabla ya safari. Kisha kombi ipakiwe mzigo wote pamoja na watu, iendeshwe kutoka Changamwe kupanda Mazeras hata Mariakani na kurudi, na fundi awemo. Ikirudi, mikono ipitishwe kwenye magurudumu: lile lenye moto kuliko wenzake lina breki iliyoshika. Siku ya safari yenyewe waondoke alfajiri, ili Tsavo wapite mchana, kwa kuwa usiku ndovu huvuka njia na malori mabovu husimama bila taa. Atakayefika Voi mapema atapata nafasi ya kuacha injini ipoe, kupima oili, na kutazama chini kama kuna kilichodondoka.