Kodi ya Nusu Mwaka kwa Mshahara wa Mwezi

Sensa ya mwaka 2022 ilithibitisha kwa takwimu jambo ambalo wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro walikuwa wameshaliona kwa macho. Katika miaka kumi tangu sensa ya 2012, Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 ukafika 5,383,728. Hilo ni ongezeko la chini kidogo ya robo. Mkoa wa Pwani, unaopakana na jiji hilo pande zote za nchi kavu, ulitoka watu 1,098,668 ukafika 2,024,947, yaani umekaribia kuwa mara mbili. Viwanda vipya vina sehemu yake katika ongezeko hilo, na watoto wanaozaliwa wana yao. Lakini yeyote anayejua foleni ya abiria alfajiri pale Mailimoja, Kibaha, anajua kwamba Pwani imepokea pia watu wanaofanya kazi Dar es Salaam na ambao jiji halina tena chumba cha kuwapa kwa bei wanayoimudu. Wengi wao ni wapangaji, na ni kwenye kodi wanayolipa, hasa namna wanavyolazimishwa kuilipa, ndipo ninapotaka tutulie leo.

Kibaha si kijiji cha kulala tu. Ni makao makuu ya mkoa, kuna Hospitali ya Tumbi, kuna Shirika la Elimu Kibaha ambalo mizizi yake ni ushirikiano na nchi za Nordic tangu miaka ya 1960. Hata hivyo, kwa fundi wa Kariakoo, mlinzi wa Posta au muuza duka wa Manzese, Kibaha ni mahali pa kurudi usiku, takriban kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Anakwenda huko kwa sababu chumba ni nafuu. Lakini unafuu huo una bei yake. Tukadirie kwamba mtu anatumia shilingi 4,000 kwa siku kwenda na kurudi, akibadilisha gari Mbezi, na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 104,000. Ikiwa chumba chake ni cha 60,000, basi nauli imeshaizidi kodi, na bado hatujaihesabu bodaboda ya kumtoa ndani huko hadi barabara ya lami. Kwa mpangaji wa Kibaha, nauli ni sehemu ya kodi, ila analipwa mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye desturi ya kulipa kodi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Kwa chumba hicho hicho cha 60,000, hiyo ni 360,000. Ongeza ya dalali, ambayo kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja, unafika 420,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya nyongeza iliyoanza Julai 2025, ni shilingi 500,000, na wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapata chini ya hapo. Maana yake ni kwamba ili mtu aingie katika chumba cha hali ya chini lazima atoe karibu mshahara wake wote wa mwezi, kabla hajanunua godoro wala umeme wa LUKU. Ambao hawana akiba wanakwenda kwenye kikoba, na wasio na kikoba wanaangukia ile mikopo ambayo wenyewe tumeipa jina la kausha damu. Kodi ikilipwa kwa mkopo wa namna hiyo, chumba cha 60,000 si cha 60,000 tena.

Mtu atasema desturi hii iko Tanzania nzima, kwa nini niisemee Kibaha? Kwa sababu katika mji wa pembezoni, kazi na nyumba vimetengana, na malipo ya mkupuo yanamfunga mtu upande mmoja tu. Mwajiri anaweza kumhamisha kutoka Kariakoo kwenda Mbagala kwa taarifa ya wiki moja. Anayelipa kwa mwezi atahamia karibu na kazi mpya. Aliyelipa nusu mwaka atabaki Kibaha akivuka jiji zima kila siku, au ataiacha kodi yake ipotee, kwa maana kurudishiwa fedha ya miezi iliyobaki ni jambo la nadra. Akipoteza kazi kabisa, ana paa la miezi aliyokwisha kulipia mahali pasipo na kibarua chake. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kwa fedha nyingi, na treni ya SGR tangu Juni 2024 inapita wilayani humo na kusimama Soga. Tunatumia mabilioni ili watu wasogee kwa urahisi, kisha tunaacha desturi ya kodi iwazuie kusogea.

Wenye nyumba wana hoja, na nzito. Wengi wao si matajiri. Ni walimu, manesi na wastaafu waliojenga tofali kwa tofali bila mkopo wa benki, na fedha ya mkupuo ndiyo inayopiga bati la chumba cha pili. Nalikubali hilo, na nawaheshimu, maana bila wao Kibaha isingekuwa na vyumba. Lakini tuseme wazi kinachotendeka hapo: mpangaji anamkopesha mwenye nyumba fedha za ujenzi bila riba, bila hisa, na mara nyingi bila hata risiti. Ukosefu wa mikopo nafuu ya nyumba ni tatizo la benki na serikali. Si haki mzigo wake ukabebwa na mtu maskini kuliko wote katika mnyororo huo.

Hoja ya pili ni ya wapangaji wakorofi, wanaodaiwa miezi mitatu kisha wanahama usiku. Wapo. Dawa yake ni amana. Ruiru au Kitengela, miji inayolisha Nairobi wafanyakazi kama Kibaha inavyoilisha Dar es Salaam, mpangaji mara nyingi huingia kwa kodi ya mwezi mmoja na amana, kisha hulipa mwanzoni mwa kila mwezi. Ugomvi haujaisha huko, lakini wenye nyumba wanaendelea kujenga ghorofa juu ya ghorofa, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kodi ya mwezi inaua biashara ya kupangisha. Na mfanyabiashara anayepata fedha kwa msimu, akipenda kulipa mwaka mzima, alipe. Ninachopinga ni kumlazimisha asiye nazo.

Hofu ya tatu ni kwamba wenye nyumba watapandisha kodi wakibanwa. Baadhi watajaribu. Lakini mpangaji anayeweza kuhama kwa taarifa ya mwezi ana silaha ambayo wa sasa hana, na mwenye chumba kitupu anajua hivyo. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Sidai irudi ilivyokuwa, kwa sababu kupanga bei za vyumba kutoka ofisini ni kazi isiyowezekana. Nadai sheria fupi: kodi isidaiwe zaidi ya mwezi mmoja mbele pamoja na amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, mkataba uwe wa maandishi, na anayehama kwa taarifa arudishiwe amana yake chumba kikishakaguliwa. Wakati Bunge linajiandaa, ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuanza hata mwezi huu kwa kuweka mezani mkataba wa ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye nafasi ya kuandika kodi, amana, mita ya LUKU ni ya nani na maji yanalipwaje, na mwenyekiti agonge muhuri mbele ya pande zote mbili.