Bei ya Ng'ombe Mnadani

Jioni ya leo nataka kusema nanyi habari za mnada wa ng'ombe, na jinsi bei ipatikanavyo hapo.

Watu wengi hudhani ya kuwa bei huwekwa na dalali. Sivyo. Dalali hupaza sauti tu. Bei huletwa na wanunuzi wanaoshindana. Mnunuzi amekwisha kupiga hesabu kabla hajafungua kinywa: ng'ombe huyu atatoa nyama kiasi gani machinjioni? Kisha huondoa ujira wa wachungaji, ushuru, na uzito utakaopungua njiani. Kinachosalia, akiisha kutenga faida yake, ndiyo bei ya juu awezayo kukupa. Lakini hakupi hiyo pasipo mwenzake wa kumsukuma. Wanunuzi watatu wakipatana asubuhi chini ya mti, hapana mnada tena, hata dalali akipiga kelele mpaka kuchwa.

Na mnada wenyewe una gharama. Sharti zizi lijengwe, maji yawepo, karani aandike, mganga wa mifugo akague. Gharama hizo ni karibu zile zile, waje ng'ombe 20 au 200. Kwa hiyo minada ikizidi wingi, kila mmoja huwa mdogo, ushuru hautoshi, na wanunuzi wa mbali hawaji. Ikiwa michache mno, mfugaji humtembeza mnyama siku nyingi, akafika amekonda. Tena mwenye ng'ombe aliyechoka hawezi kumrudisha nyumbani, na mnunuzi anajua sana.

Mfano mkubwa ni ule wa Ukambani, katika Kenya, mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilisema ng'ombe wamezidi malisho, ikawatwaa kwa nguvu na kuwauza mnadani. Wakati huo kiwanda kipya cha nyama cha Liebig, huko Athi River, kilitaka ng'ombe wengi kwa bei ndogo. Huo uliitwa mnada, walakini mwenye mali hakuwa na ruhusa ya kusema, "Bei hii siitaki." Basi Wakamba wengi, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana, wakakaa huko majuma kadha wa kadha. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishwa kupelekwa Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, Serikali iliacha kuwauza ng'ombe wao kwa nguvu.